Msambazaji anampa mshindani wangu wateja ninaowafuatilia: namshtaki vipi?

Bomba_Kavu (mleta mada): Wakuu, habari za majukumu. Nauza na kufunga pampu za maji. Kila kazi kubwa, msambazaji hutaka jina la mteja, simu yake na ukubwa wa pampu ndipo anipe bei. Siku hizi wateja wanapigiwa na mshindani wangu kabla sijapeleka kadirio, na anajua hadi nguvu ya mota. Nataka kushtaki. Nidai kiasi gani?

Mizania: Pole ndugu. Kiasi baadaye. Mahakama nyingi zinazofuata mfumo wa Uingereza hutumia kipimo cha kesi ya Coco v Clark, 1969: taarifa iwe ya siri kweli, iwe ilitolewa katika mazingira ya kutunza siri, na aliyepewa awe ameitumia bila ruhusa, kwa kawaida kwa hasara yako. Jina na simu tu, vinavyopatikana popote, ni dhaifu. Jina pamoja na hitaji, bajeti na muda wa kununua, hapo una hoja. Mkataba unasemaje kuhusu usiri?

Bomba_Kavu: Ni mkataba wa kawaida wa kununua mali. Naomba turudi kwenye fidia.

Stoo_Kuu: Mkuu, achana na mahakama, ziba tundu kwanza. Ili akupe bei, msambazaji anahitaji ujazo kwa saa, kimo cha kupandisha maji, kina cha kisima, na umeme kama ni fezi moja au tatu. Jina la mteja halibadilishi pampu. Mpe namba ya kazi tu. Jina atalipata mteja akishalipa malipo ya awali, kwa ajili ya dhamana.

Kalamu_Nyekundu: Hilo ni la kesho. Ya jana yanataka ushahidi. Chora jedwali: mteja, saa uliyomtumia msambazaji taarifa, saa mshindani alipopiga, alichokisema. Barua pepe zihifadhi zenyewe. Picha ya skrini pekee hupingwa kirahisi. Mteja mmoja aliye tayari kuandika maelezo na kutia sahihi ana uzito kuliko kumi wanaonong'ona. Kisha tega: peleka ombi lenye namba ya simu unayoimiliki wewe na usiyompa mtu mwingine yeyote. Mshindani akiipiga, mlango wa kuvujia umejulikana. Usiingie kwenye akaunti ya mtu kutafuta ushahidi, hilo ni kosa lako jipya.

Mizania: Mleta mada, kuhusu usiri hujajibu. Unapompa msambazaji taarifa za mteja ili akupe bei, kuna fomu unayosaini? Ina masharti?

Bomba_Kavu: Ina mstari kwamba taarifa "zinaweza kutolewa kwa washirika wa mauzo ili kumhudumia mteja". Nilisaini kwa sababu bila hivyo hupati bei. Lakini mshindani si mshirika wangu! Na ankara ya mwisho nimeizuia, silipi mpaka anifidie.

Mizania: Hicho ndicho kiini, na umekificha. Kama mshindani naye anauza mali ya msambazaji huyohuyo, atajitetea kwamba ni mshirika wa mauzo. Jibu lako liko kwenye "ili kumhudumia mteja": kumnyang'anya mteja aliye mezani kwako si kumhudumia, na kifungu chenye utata hufasiriwa dhidi ya aliyekiandika. Ankara ilipe, ukiandika kwamba unalipa kwa pingamizi, yaani hujaacha madai yako. Mkataba usiporuhusu kukata deni kwa madai, wewe ndiye utakayeshtakiwa kwanza.

Bomba_Kavu: Nikilipa nitabaki na silaha gani?

Jicho_Kali: Wakuu, hii chai. Mwanzo hakuna fomu, ghafla ipo na maneno anayanukuu. Nahisi huyu ndiye msambazaji, anapima tunavyotega. Kalamu, umemfundisha bure.

Kalamu_Nyekundu: Awe nani, namba ya mtego haiandikwi usoni. Na kama ni msambazaji, ajue mshindani aliyepokea siri huku akijua ni siri naye hushtakiwa.

Stoo_Kuu: Jicho, wanaosaini fomu bila kusoma ni wengi mno. Tumalizie shida ya mtu.

Bomba_Kavu: Si chai. Niliona aibu kuitaja fomu. Barua nimeshaiandika, inasema nitawatangaza mitandaoni wasiponilipa.

Mizania: Futa sentensi hiyo, ni kujitafutia kesi ya kashfa. Barua itaje kifungu, tarehe na wateja husika, itake waache mara moja, wahifadhi mawasiliano yote na mshindani, wathibitishe kwa maandishi ndani ya siku 14. Wakikaidi, omba amri ya zuio, yaani mahakama iwakataze wasiendelee. Ukichelewa, hakimu atauliza dharura iko wapi. Fidia hupimwa kwa faida ya kazi zilizopotea, si mauzo yote. Kabla ya kufungua, soma kifungu cha migogoro: kikitaka usuluhishi, kesi yaweza kusimamishwa. Na wateja hao walijua unapeleka namba zao? Penye sheria ya taarifa binafsi, swali hilo litaanza na wewe.

Bomba_Kavu: Hawakujua. Ankara nalipa leo kwa pingamizi, na barua naipeleka kwa wakili pamoja na fomu.