MREJESHO: Mwalimu wa Ujiji niliyetaka kusomea saikolojia ya shule

Wadau, habari za siku. Ni mimi mwalimu wa malezi niliyeuliza kama naweza kusomea uzamili wa saikolojia ya shule bila kuacha kazi.

Mlioniambia nisiikimbilie Marekani, nimewaelewa. Kule shahada ya utaalamu wa fani hii huchukua kama miaka mitatu, na mazoezi ya kazi peke yake ni saa 1,200, angalau 600 ziwe shuleni. Mimi nauli yangu inaishia Kasulu.

Nimekwenda kituo cha Chuo Kikuu Huria hapa Kigoma, nimechukua maelezo ya uzamili wa elimu. Nitasoma huku nafundisha, na tasnifu nataka iwe juu ya watoto wanaochelewa kusoma.

Aliyenifafanulia tofauti ya mnasihi (mshauri wa wanafunzi) na mwanasaikolojia wa shule, asante sana. Nilidhani ni kitu kimoja! Kumbe huyu wa pili kazi yake kubwa ni kumpima mtoto kabla hajaitwa mzito wa kuelewa. Nina kijana wa darasa la tatu, kila siku fimbo kwa kutonakili ubaoni. Juzi nikamsogeza dawati la mbele. Akanakili mistari yote, ila daftari kaliweka karibu liguse pua. Mama yake anauza dagaa mwaloni. Nimemwomba ampeleke akapimwe macho.

Ada ya muhula wa kwanza ninayo. Barua ya ruhusa ndiyo bado iko mezani kwa mkubwa, wiki ya tatu hii.