Mtoto wa mwaka na miezi tisa halali usiku, msaada jamani

Mama Fahmi (Makorora, Tanga)

Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo maana mi nshachoka. Mwanangu wa kiume ana mwaka na miezi tisa, mchana mzima wa afya, anakula, anakimbiza paka uwani, ila usiku jamani usiku! Kumlaza tu ni vita, namuingiza kwenye neti saa tatu analala saa tano, na halali mpaka awe na nyonyo mdomoni, nikichomoa tu macho wazi. Akishalala anaamka saa saba, anaamka saa tisa, alfajiri tena, na kila akiamka ni nyonyo, baba yake akimgusa ndo kama kamwagiwa maji ya moto. Asubuhi nafungua duka nasinzia mbele ya wateja.

Na kuna kingine ndo kinanitisha zaidi. Siku zingine akishalala kama saa moja hivi anaruka anapiga kelele, macho kayatoa, jasho linamtoka, nikimshika ananisukuma kama hanijui, anahangaika weee afu ghafla analala kama hakuna kilichotokea na asubuhi anaamka anacheka. Mama mkwe anasema mtoto kazongwa na mashetani, ashamfunga mvuje, ile dawa ya harufu kali, na anataka apelekwe akanyweshwe kombe. Jirani yeye kaniambia nimpe piriton kijiko kimoja saa mbili usiku atalala mpaka asubuhi. Mi sijampa kitu bado. Mchana anabaki na dada wa kazi na huko analala vizuri tu hana shida. Huu ni ugonjwa au ndo utoto wenyewe?

Bint Pangani

Pole mwaya, hiyo ya kunyonya usiku kucha naijua. Swali moja tu, huo usingizi wa mchana ambao hana shida, analala saa ngapi mpaka saa ngapi? Muulize dada vizuri usikubali jibu la "analala kidogo tu".

Baba Nasra

Mwacheni alie siku mbili tatu atazoea, sisi tumelelewa hivyohivyo na hatujafa.

Bint Pangani

Baba Nasra we umelelewa kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba sita na ukuta mmoja? Mtoto akilia saa nane usiku nyumba nzima inaamka na kesho mama ndo anasemwa kwenye foleni ya maji, we baba ushaenda zako kazini.

Mama Fahmi

Hahaha umenisemea. Haya nimemuuliza dada, kumbe analala kuanzia saa kumi mpaka adhana ya magharibi inamkuta bado kalala, ndo muda dada anapika. Na akiamka anapewa simu aangalie katuni mpaka nirudi mimi.

Nesi Mstaafu (Bombo mpaka Raskazone)

Mama Fahmi, jibu lako nusu umeshajipa mwenyewe mwanangu. Mtoto aliyelala mpaka magharibi ukimwambia saa tatu alale unamuonea, usingizi hana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 mpaka 14 kwa siku, ila hizo ni pamoja na wa mchana, sasa wako sehemu ya hizo anailala jioni muda dada akiwa jikoni. Mwambie dada akishamlisha mchana amlaze saa saba, ikifika saa tisa awe ameshaamka hata kama inabidi afungue madirisha na kumuosha uso. Ndo itabidi dada abadilishe ratiba ya kupika, au amuweke kwenye mkeka karibu yake na vikombe na vijiko achezee. Na katuni, huo mwongozo kwa mtoto wa mwaka mmoja unasema skrini asipewe kabisa, akifika miwili isizidi saa moja kwa siku. Mi sisemi simu ni haramu, najua nyumba zetu zilivyo, lakini katuni za baada ya magharibi ni mwanga wa machoni pamoja na makelele, hapo unamwamsha mtu uliyetaka alale.

Sasa hiyo ya nyonyo. Binadamu wote usiku tunaamka kidogokidogo mara kadhaa, wewe unageuka unavuta kanga unaendelea, asubuhi hata hukumbuki. Mtoto naye anaamka hivyohivyo, tofauti ni kwamba yeye aliingia usingizini na ziwa mdomoni, akizinduka halipo, kwake hiyo si hali aliyolalia, basi analia lirudi. Kwa hiyo unaweza kukuta mtoto hana njaa wala hana ugonjwa, anachojua ni njia moja tu ya kupata usingizi na hiyo njia ni wewe. Na umri huu ndo anaelewa kwamba mama huwa anaondoka, dukani unaenda kila siku, ndo maana usiku anakugandia na baba hamtaki.

Sikwambii umwachishe, miaka yake miwili haijafika. Sogeza tu. Anyonye sebuleni taa ikiwa inawaka, macho yake wazi, halafu mswaki, halafu kitandani, dua, hadithi fupi ileile kila siku, taa zima, ukae pembeni umpapase mgongo. Atalia. Kulia ukiwa umemshika si sawa na kutelekezwa kwenye giza peke yake, Baba Nasra hapo tutofautiane. Akiamka usiku wa manane amchukue baba, siku za kwanza zitakuwa mbaya, lakini wiki moja mbili mtoto anaelewa. Kinachoharibu ni kukaza leo halafu kesho umechoka unampa, maana hapo anajifunza kwamba akilia zaidi ya jana anapata.

Kuhusu kelele za usiku. Ulivyoeleza, mwanzoni mwa usiku, macho wazi lakini hakutambui, jasho, analala tena na asubuhi hakumbuki, huo ni mshtuko wa usingizini, ubongo uko nusu kwenye usingizi mzito nusu umeamka. Wengi unawaanza wakiwa wakubwa kidogo lakini hata wadogo unawapata, hasa siku walizochoka sana au wana homa. Ndoto mbaya ni kitu kingine, hiyo huja zaidi kuelekea alfajiri, mtoto anaamka kweli, anakutafuta na anataka umshike. Kwenye mshtuko usimtikise, usimmwagie maji usoni kama tunavyopenda kufanya, mlinde tu asianguke na usubiri upite. Ila mkikuta mwili umekakamaa, mikono na miguu inarukaruka kwa mpigo, macho yamegeuka juu, hiyo ni degedege, hapo ni hospitali mbio. Na akiwa na joto usikae kubahatisha, apimwe malaria, Tanga hii tunaijua.

Piriton usimpe. Ni dawa ya mzio, haikutengenezwa kulaza watoto, na wengine badala ya kuwalaza inawachangamsha wanakesha. Na zile dawa za maji zenye promethazine ambazo watu wanapeana ndo mbaya zaidi, mtoto chini ya miaka miwili haruhusiwi kabisa kwa sababu inaweza kumkata pumzi akiwa amelala. Nimeshaona akina mama wanampa mtoto dawa ili wakaserebuke kwenye harusi, sitaki hata kuendelea.

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Nesi umesema kweli tupu isipokuwa mwanzo wa hayo maneno ni wetu sisi. Toka zamani tunawaambia, mtoto halazwi baada ya alasiri, na magharibi awe macho ndani ya nyumba, mkasema bibi zenu washirikina hahaha. Leo Shirika la Afya limesema mnakubali.

Mama Fahmi mjukuu wangu, huyo mama mkwe wako usigombane naye. Kombe ni aya za Mungu na zafarani, na akisomewa dua hakuna ubaya, wewe fanya ya nesi na yeye mwache afanye yake, ila huo mvuje usiwe shingoni na uzi mtoto akilala, mfungie kwenye nguo au mtoe usiku, uzi shingoni ni hatari. Mwogeshe jioni maji ya uvuguvugu, mvalishe kisinglendi tu joto hili, mkeka chini karibu na dirisha unapoa kuliko godoro la sponji, neti ishuke mpaka chini. Na chai msimpe! Naona siku hizi mtoto wa mwaka anapewa chai ya rangi na andazi saa kumi na moja halafu mnashangaa macho makavu. Siku ukitaka kumwachisha kabisa njoo nikupe shubiri.

Nesi Mstaafu

Bi Mkubwa ya chai nilisahau, asante. Na uzi wa shingoni naunga mkono mia kwa mia.

Baba Nasra

Haya mimi nakaa kimya, lakini nauliza kwa heshima. Huyu Nasra wangu ana miaka mitatu na nusu, kulala analala mapema bila kelele, ila anakoroma kama mtu mzima kila siku, mdomo wazi, shingo kaikunja nyuma, na saa zingine anakata pumzi kidogo afu anashtuka anavuta kwa nguvu. Mchana ana hasira hatari, chekechea wanasema hatulii. Mama yake anasema karithi kwangu.

Nesi Mstaafu

Baba Nasra hiyo si ya kurithi tu na si ya kungoja akue. Kukoroma siku ana mafua ni kawaida, kukoroma kila usiku na pumzi kukatika si kawaida. Mara nyingi kwa umri huo ni tonsesi (mafindofindo ya kooni) au nyama za nyuma ya pua zimekuwa kubwa zinaziba njia ya hewa, mtoto anaonekana kalala saa zote lakini hapumziki, ndo hizo hasira na kutotulia unazoambiwa. Leo usiku mrekodi video kwa simu akiwa anakoroma, kifua kionekane, dakika mbili tatu zinatosha. Nenda nayo hospitali uombe kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo, maana mchana ukimpeleka atakuwa anacheka na daktari na hakuna atakayeona kitu.

Baba Nasra

Sawa mama, leo narekodi.