Mrejesho: kibarua cha Baba Krismasi

Habari zenu wapendwa. Mwanzoni mwa Desemba niliwaomba ushauri: nimepata kibarua cha kuvaa Baba Krismasi kwenye duka kubwa hapa Dar, joto nitalihimili vipi, na watoto wanaoogopa niwafanyeje?

Nimemaliza jana, mkesha wa sikukuu. Fulana ya pamba ndani na maji kila nusu saa vimeniokoa, maana joto linapita nyuzi 30 na zile ndevu hazipitishi hewa kabisa.

Aliyesema nisiwafuate watoto, nikae niwasubiri, Mungu ambariki. Binti wa kama miaka minne alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake karibu robo saa. Nikaendelea kufunga utepe kwenye boksi bila kumtazama. Mwisho akaja mwenyewe, akagusa ndevu kwa kidole kimoja, akaninong'oneza, "Baba anarudi lini?" Sikumwahidi kitu. Nilimwambia nimemsikia, nikampa pipi. Bibi yake akageukia pembeni akajifuta macho. Mpaka sasa namfikiria yule mtoto.

Malipo nusu nimepata, nusu wanasema Januari. Mlionisisitiza tuandikishane, asanteni sana, karatasi ninayo.