Kusubiri mita 3 kwenye bahari ya kusi: mnafanyaje?

Kasa_Mzee: Wakuu, habari za jioni. Nina mizamio sitini hivi. Juzi tulishuka kwenye Pegasus, ile manowari ya Waingereza iliyozamishwa na Königsberg hapa Unguja, Septemba 1914. Iko kwenye mita 40. Juu kusi lilikuwa linavuma, chini shwari kabisa. Nikajisahau, nikakaa dakika 14, kompyuta ya kuzamia ikanidai dakika 6 za kusubiri mita 3, ili naitrojeni itoke mwilini taratibu kabla sijapanda juu.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Boti ikipanda na wimbi, kamba ya nanga inanivuta hadi mita 1, ikishuka niko mita 5. Nilimaliza muda, lakini mikono ilikwisha nguvu. Nikapanda ngazi na mtungi mgongoni.

Niongeze risasi (vyuma vya uzito) kiunoni? Au mnafanyaje? Bega la kulia linauma tangu jana, nadhani ni ile kamba. Kesho narudi Dar kwa ndege.

Fundi_Regula: Pole kaka. Risasi hazitakusaidia. Ukishika kamba ya boti, unacheza ngoma ya boti. Sisi huku Mombasa kamba ya kushukia tunaifunga kwenye boya, boti inakaa mbali. Halafu nina kikamba cha mita 2 chenye kulabu huku na huku: moja kwenye kamba kuu, nyingine kwenye mkanda wangu. Kamba kuu iruke itakavyo, kikamba kinalegea na kukaza, mimi niko palepale.

Tena nasubiri mita 6, si 3. Ukitoka mita 5 hadi 1, shinikizo linashuka zaidi ya robo. Ukitoka 40 hadi 36, umbali uleule, halifiki hata sehemu ya kumi. Ila mita 6 muda wa kusubiri unarefuka, kwa hiyo hewa yake uipigie hesabu kabla hujaruka majini.

Jongoo_Pemba: Sheikh, habari kubwa umeiweka mwishoni kama salamu! Bega kuuma baada ya mzamio kama huo, usiisingizie kamba mpaka daktari aseme. Ndege futa. Huko angani shinikizo linapungua, na kiputo cha naitrojeni kilichokwama mwilini kinazidi kuvimba. Tafuta oksijeni safi uivute, kunywa maji, piga simu DAN, lile shirika la kusaidia wazamiaji, usiku huu wakwambie chemba ipi ya shinikizo ya kwenda kutibiwa. Na asikudanganye mtu urudi chini ati ujitibu.

Ami yangu alikuwa akizamia majongoo ya bahari kwa mitungi. Yeye naye alianza na bega. Wakamkanda kwa mafuta ya nazi siku tatu. Leo anatembelea mkongojo.

Kasa_Mzee: Mnanitisha. Vidole viwili vina ganzi pia, sikutaja kwa sababu ni kidogo tu.

Jongoo_Pemba: Simu. Sasa hivi. Mengine utatuandikia baadaye.

Maji_Mafu: Wakati anapiga simu, niseme na wengine wanaosoma. Kwa jedwali la kawaida, mita 40 unaruhusiwa dakika 9 tu bila kudaiwa kusubiri. Meli hiyo imekaa pale tangu 1914, haiendi popote. Ngoja maleleji, pepo zikitulia, chagua siku ya maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, ushuke maji yakisimama. Bamvua (maji makubwa) na kusi vikikutana, hata hicho kikamba utapepea nacho kama bendera. Hapo bora uachie, upulize boya lako la kupandishia, usubiri huku unaelea na mkondo. Lakini nahodha awe anajua tangu nchi kavu, la sivyo atakutafuta kwenye nanga na wewe ushafika kisiwa cha Chumbe. Na mtungi mvulie mtu wa boti kabla ya ngazi. Kujikaza mara tu unapotoka majini ni kuviamsha viputo.

Kasa_Mzee: Nimeongea nao. Wale tuliozamia nao wamenipa oksijeni, nipo kwenye gari naelekea chemba. Bega limepoa sana, nafikiria kugeuza.

Jongoo_Pemba: Hiyo ni oksijeni inafanya kazi, bado hujapona. Usigeuze.

Kasa_Mzee: Sawa. Nimefika getini.