Mjadala: Sheria inakataza mmea, au kilichomo ndani yake?

Njoro, Nakuru:
Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila matusi. Sheria ya mihadarati ya Kenya ya 1994 inataja kwa majina mimea isiyoruhusiwa kulimwa: bangi, koka na mpopi wa afyuni. Hapo hakuna utata. Utata ni kwa ile ambayo haikutajwa, na ndani yake mna kemikali iliyotajwa.

Mkataba wa kimataifa wa Vienna wa 1971, unaohusu dawa zinazoathiri akili, uliiweka silosibini, kemikali ya kulevya iliyomo katika baadhi ya uyoga, kwenye jedwali la kwanza, lililo kali kuliko yote. Uyoga wenyewe haukuutaja. Na baadhi ya uyoga huo hujiotea kwenye kinyesi cha ng'ombe mvua zikinyesha, katika nchi nyingi za joto. Ukiota malishoni kwa mzee mmoja Kakamega, mkosaji ni nani? Mwenye shamba? Mtoto aliyeuchuma akidhani ni wa mboga? Meksiko iliona mbali: ilipojiunga na mkataba huo, ilizitengea nafasi jamii zake zinazotumia mimea ya aina hiyo katika ibada.

Kwa miraa ndipo nachoka kabisa. Kathinoni, kemikali yake ya kusisimua mwili, imo kwenye jedwali hilo hilo la kwanza, na Uingereza iliipiga miraa marufuku 2014. Kwetu ni zao linalotambuliwa na Sheria ya Mazao. Mei 2024 Mombasa na Kilifi zikakataza muguka, ambayo ni aina ya miraa, Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo. Wakati huo huo mnanaha, mmea wenye sumu inayoweza kuua, unajiotea kwenye mahindi yetu na hakuna askari anayeuuliza. Basi kipimo si madhara. Ni nini?

Kisumu:
Mwenzangu, hapo sikubaliani nawe. Ukidai kila mmea utajwe, wauzaji watahamia ule ambao haujatajwa. Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ilihalalishwa 2010 ili itengenezwe kwa viwango. Ya magendo imekwisha? Afadhali sheria pana, hakimu apime.

Njoro, Nakuru:
Hakimu hapimi mpaka mtu amekwisha kulala rumande, na kijana asiye na wakili hukiri ili arudi nyumbani. Hilo ndilo linaloniuma. Sidai orodha ndefu. Nadai Bunge liandike kwamba kosa ni kulima, kukausha au kuuza kwa kujua, na kwamba kilichojiotea shambani hakimfanyi mwenye shamba kuwa mhalifu. Muuzaji hapati mwanya hapo, maana yeye anajua anachouza.

Kuna jambo moja nataka kulisikia kwa wanaolijua. Mliofanya kazi mahakamani, au kwenye maabara ya Mkemia wa Serikali pale Kisumu: mkiletewa uyoga mbichi kama kielelezo, mashtaka huandikwa kwa jina la uyoga au la kemikali? Na uzito unaopelekwa kortini ni wa kipi?