Kinyama cha mama mdogo kimeozea kwenye maji ya dripu, sasa tunaambiwa akakatwe tena

Wakuu, nina siku nne tangu nipate majibu na hasira haijashuka.

Mama mdogo wangu ni mkulima wa korosho Tandahimba. Ana uvimbe kwenye titi, tukamleta hospitali moja huku Mtwara, jina naliacha. Wakamkata kinyama kikapimwe Dar. Nesi akanikabidhi kichupa nikipeleke mwenyewe. Kichupa kilikuwa cha dawa ya kikohozi, shingo nyembamba, lebo ya zamani imebanduka nusu. Nikauliza, haya maji ni dawa? "Kaka, wewe peleka tu."

Siku mbili kilikaa dirishani kikisubiri fomu isainiwe. Ya tatu nikapanda nacho basi mpaka Mbagala, na joto la njia ile mnalijua. Nimekipakata kama yai.

Mtaalamu wa maabara alifungua kifuniko akageuza uso. Maji ya dripu! Yale yale anayowekewa mgonjwa wa kuharisha.

Yeye ndiye mtu pekee aliyenieleza kitu. Kinyama kikishatoka mwilini damu haikifikii, seli zinaanza kujimeng'enya zenyewe na bakteria wanamalizia. Fomalini, dawa ya kuhifadhia kinyama, ndiyo inayozuia: inashikanisha protini, seli inabaki na umbo ililokuwa nalo mwilini. Sehemu 1 ya fomalini kali kwa 9 za maji, na chumvi kidogo za kutuliza asidi. Iwe walau mara 10 ya ujazo wa kinyama. Na kopo liwe la mdomo mpana, maana kikishaiva humo kinakakamaa, shingoni hakipiti. Baada ya hapo ndipo wanakitoa maji kwa spiriti, wanakizamisha kwenye nta, wanakikata vipande vyembamba vya mikroni 3 hadi 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wanapaka rangi: viini vya seli vinatoka bluu ya zambarau, kwingine waridi. Kiini kikishaoza, rangi itashika nini?

Muuza samaki pale feri hawezi kukaa na changu siku tatu bila barafu. Mwenye koti jeupe ameweza.

Sasa wanasema akakatwe upya, na tulipe upya. Kulipa kwenyewe tungoje hela ya mnada wa korosho, uvimbe hautungoji. Pole hatujapewa na yeyote. Mama mdogo kagoma kabisa: "Mwanangu, mimi si muhogo kila mtu anichonge." Nimembembeleza jana usiku kucha, kakubali shingo upande.

Wenye uzoefu, malalamiko naanzia kwa mganga mfawidhi au niende moja kwa moja kwa mganga mkuu wa mkoa? Na walioko Mtwara mjini, fomalini iliyokwisha kuchanganywa inapatikana duka gani la vifaa vya maabara? Jumatatu narudi naye, na kopo naingia nalo mwenyewe.