Naomba ushauri: vifaa vya kung'oa chipu ya kumbukumbu kwenye bodi ya simu

Mtafutaji_Njia: Habari zenu wakuu. Nataka kung'oa chipu ya kumbukumbu aina ya eMMC ili niisomee nje ya simu. Je, bunduki ya hewa moto ya kubandulia rangi inatosha, au ninunue bloa ya mafundi simu, yaani kifaa chao cha hewa moto? Leo ni usiku wa tatu sipati usingizi.

Fundi_Bodi: Ya rangi iache, kwa maana upepo wake utapeperusha vipuri vidogo vya pembeni. Pasha bodi kwa chini kwanza, weka flaksi (dawa ya kusaidia lehemu itiririke), kisha tumia bloa, kwani lehemu isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Gusa chipu kwa ncha ya kibano. Ikisogea kidogo na kurudi yenyewe mahali pake, ndipo uinyanyue.

Dada_Lehemu: Mimi nilianzia kwenye chipu za BIOS (zenye programu ya kuwashia kompyuta) zenye miguu 8. Nilikuwa nikizijaza lehemu yenye risasi, inayoyeyuka kwa nyuzi 183, zikatoka bila taabu. Siku niliyofanya haraka nikang'oa na njia za shaba, na mteja alilia mbele yangu.

Fundi_Bodi: Mtafutaji, simu ni ya mwaka gani, na ina nenosiri?

Mtafutaji_Njia: Ilinunuliwa mpya 2020, ikiwa na Android 10. Ni ya marehemu baba, iliingia maji na haiwaki. Nenosiri hatulijui. Hata hivyo bloa nimekwisha kuilipia nusu, kwa hiyo chipu nitaing'oa.

Mzee_wa_Hoja: Nina shaka na habari hii. Baba na nenosiri wamejitokeza baada ya kuulizwa. Wenye simu za wizi husema hivyo hivyo.

Mtafutaji_Njia: Mzee wangu, boksi lenye IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ninalo, na cheti cha kifo ninacho. Sauti ya baba imo humo.

Fundi_Bodi: Pole sana, ndugu yangu. Simu iliyotoka na Android 10 husimba data, yaani huifunga kwa ufunguo wa siri, na ufunguo huo umefungamana na prosesa (chipu kuu) ya bodi hiyo hiyo, hivyo chipu ukiing'oa utasoma herufi zisizo na maana. Safisha bodi kwa alkoholi, tafuta palipopiga shoti, simu iwake ikiwa nzima. Nenosiri mtalihitaji bado.

Mtafutaji_Njia: Mama anasema kwenye jalada la daftari la shamba baba aliandika tarakimu nne. Je, bloa itafaa kwa kazi hiyo ya kutengeneza bodi?

Fundi_Bodi: Itafaa kubadilishia kapasita (kipuri kidogo cha kutunza chaji) iliyopiga shoti. Lete picha ya bodi, pande zote mbili.